Malkia wa Pango Anaishi Katy

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi kutoka shifti ya usiku, sinema tayari inacheza. Sijavua hata viatu. Panga kwa panga, farasi, ngoma za Kihindi, na juu ya yote sauti ya baba mkwe. Binti yangu Moraa yuko miguuni pake na bakuli la nafaka, basi la shule li karibu kufika. Nimepita nyuma ya kochi nikasema, "Baba, mmeamkaje." Akajibu bila kugeuka.

Kule Kisii hata hilo lisingekuwepo. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Husimama uani, akakohoa, mwanawe akatoka nje kumsikiliza. Hapa Katy, pembeni mwa Houston, Texas, hakuna uani wa kukohoa. Kuna chumba cha chini kando ya gereji, na ndicho tulichompa alipokuja Agosti baada ya matanga ya mama mkwe.

Tangu siku hiyo naishi kwangu kama mpangaji. Sipiti sebuleni na taulo. Kochi lake silikalii. Sicheki kwa sauti. Simwambii neno ila salamu na "chakula kiko mezani". Sawa, ni heshima, nimelelewa nayo. Lakini nilifundishwa pia kuwa inakwenda pande zote mbili.

Basi limekuja, Moraa ameenda. Mzee bado anasimulia, peke yake. Nimezima taa, nimefunga mapazia. Sauti inapita chini ya mlango.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike hii sinema ni kitu gani, labda nitaelewa kwa nini inanitia wazimu.

Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, picha zimechoka. Mfalme mnene amerogwa, amelala kwenye kiti chake. Kijana mwenye masharubu membamba anamtafutia dawa, upanga mkononi. Kuna kasuku ambao zamani walikuwa watu. Na kuna mwanamke mchawi anayeishi pangoni, nywele hadi magotini.

Baba mkwe alikuwa na banda la video Kisii mjini. Watu wamebanana kwenye mabenchi, yeye amesimama kando ya TV na kipaza sauti, anatafsiri. Kihindi hakujua hata neno moja. Alitunga. Na watu hawakufuata sinema, walimfuata yeye, kwa sababu kila mhalifu alimpa tabia za mtu wa mtaa. Hakutaja jina. Alitaja mwendo, kofia, namna ya kupiga chafya. Mwenye bucha aliyemuuzia mifupa alikufa kwa upanga kila Jumamosi. Chifu alizabwa makofi na nyani. Ukilalamika, umejitaja mwenyewe. Onchari, mume wangu, husema mwenye bucha alifunga akahamia Migori. Husimulia akicheka hadi machozi.

Sasa sinema ile ile ameipata mtandaoni, na mtazamaji mpya amempata. Binti yangu. Ana miaka sita na anaamini kila kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wageni wa kanisani walikuja chai. Nilikuwa nimetoka shifti, sijalala, nikapika maandazi hivyo hivyo. Baba mkwe akaombwa awaonyeshe kazi yake ya zamani. Hakuombwa mara mbili.

Mchawi akatoka pangoni. Baba mkwe akakohoa kidogo, akaanza.

"Huyu sasa ni Malkia wa Pango. Jua likizama, huyoo! Jua likichomoza anarudi, macho mekundu kama pilipili. Salamu yake ni ya kupita, kama mtu anayedaiwa na dunia. Mchana analala kama popo. Anakula amesimama. Na nyumbani kwake, ndugu zangu, chai haina sukari!"

Wakacheka. Halafu wakanitazama. Halafu wakatazama vikombe vyao.

Kumbe ni sukari. Mzee ana ugonjwa wa sukari, mimi ni nesi, na Septemba niliondoa sukari nyumba nzima nikapunguza ugali wake. Sindano anadungwa na Onchari, mimi siwezi kumgusa. Lakini anajua amri inatoka wapi. Hawezi kunigombeza uso kwa uso kwa sababu yeye ni baba mkwe na mimi ni mke wa mwanawe. Basi ananigombeza kwa sinema.

Nilimwambia Onchari jikoni. Akasema, "Si ni story tu, Mama Moraa? Kwani ametaja mtu?"

Hajataja mtu. Na Onchari pia alicheka, nilimwona.

Jumanne, 14 Oktoba

Moraa amekataa mboga. Ameuliza mezani, mbele ya mzee, "Is there dawa in it?"

Kwenye sinema Malkia hutia dawa kwenye chakula, watu wakawa kasuku.

Mzee alitazama sahani yake. Hakusema hapana, hakumwambia mtoto aache upuuzi. Alitafuna tu. Namchukia. Naandika hivyo hivyo, hakuna wa kusoma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kazini nilimwonyesha Padma kipande cha sinema kwenye simu. Padma ni nesi mwenzangu wa wodi moja, ametoka India. Alipiga kelele ya furaha. Kwanza, hicho si Kihindi. Ni Kitelugu, lugha yao. Sisi tulikuwa na neno moja kwa sinema zote zilizokuwa na ngoma na machozi. Pili, anaijua. Bibi yake aliimba nyimbo zake akipepeta mchele.

Nikamuuliza habari za yule mwanamke. Nilitaka aniambie kwamba amesingiziwa, kwamba ni mama wa watu aliyedhulumiwa, anatoka usiku kuokoa wagonjwa. Nilikuwa tayari kulibeba jibu hilo hadi Katy na kulitua mezani.

Padma akasema la, ni mchawi kabisa. Anakula mioyo ya watu. Mwishoni kijana anamvizia akiwa amelala, anamkata nywele, nguvu zote zinamwishia.

Nikarudisha simu mfukoni. Mwisho anaousimulia mzee ni huo huo. Hajui neno lao hata moja na bado amepatia. Imeniuma zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwambia Onchari ampeleke mzee Richardson, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa ndugu yake Ombati. Nyumba kubwa, chumba kitupu, hata treni iko karibu. Tuligombana ndani ya gari nje ya kanisa kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mzee hasikii.

"Baba hafukuzwi," akasema. "Na mke wa Ombati hajui mambo ya sukari. Wewe ni nesi."

"Nesi gani asiyeruhusiwa kumshika mgonjwa?"

Aligeuza ufunguo. Wanaume wa nyumba ile wote wana dawa moja ya ugomvi, kuwasha gari.

Hakunielewa, au hakutaka. Kejeli za mzee ningezimeza, nimemeza makubwa kuliko hayo. Ni Moraa. Zamani akishuka kwenye basi alipanda moja kwa moja kitandani kwangu na koti lake, akaniwekea pua baridi shingoni. Ndivyo nilivyoamka kila siku. Sasa hapandi. Anapita mlango wangu kwa ncha za vidole, anashuka kwa Babu. Juzi nilifumbua macho nikamwona amesimama mlangoni ananichungulia. Nilipomwita alikimbia.

Mtoto wangu ananiogopa. Mzee ataondoka siku moja, hata kama ni kwa jeneza. Hofu hii itabaki nami.

Jumanne, 4 Novemba

Amenikata nywele.

Niliamka alasiri, nikahisi kitu kimelala shavuni. Msuko wangu. Halafu wa pili, wa tatu. Yote ya upande wa kushoto, imekatwa juu ya sikio. Kwenye zulia kuna mkasi wa shule wa Moraa, ule wa plastiki wenye ncha butu. Sijui alihangaika muda gani. Nililala kama mfu baada ya shifti tatu mfululizo.

Nilisukwa saluni ya Missouri City, Jumamosi nzima nimekaa kwenye kiti kile kigumu.

Nilishuka na misuko mkononi. Moraa alikuwa nyuma ya kochi, ameshika shati la babu yake, analia hata kabla sijafungua mdomo. Runinga inacheza. Mzee akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu aje. Akasema, "Mtoto ni mtoto."

Mdomo wangu umefungwa na mila na yeye anaufungua wake atakavyo. Nilipanda juu, nikaingia bafuni, nikaupiga ukuta.

Hakumwambia nenda kamkate. Hakuhitaji. Hivyo ndivyo alivyomhamisha mwenye bucha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefunga kilemba. Wagonjwa wanasema nimependeza.

Mkasi nimeutupa. Moraa sikumpiga. Sikumuuliza kwa nini pia. Ya kuuliza ni yapi? Anaangalia mwisho wa sinema ile kila siku.

Onchari ameshtuka kweli, nakiri. Alimkalisha baba yake nje, wakaongea Kigusii kwa sauti ya chini. Akarudi akasema Baba amesikitika. Nikamuuliza kama amezima sinema. Akasema tutaona.

Jumatatu, 17 Novemba

Haijazimwa.

Nimegundua mambo mawili. Onchari huamka mapema akatia shuka za mzee kwenye mashine ya gereji, akidhani mimi sijui. Najua. Pua ya nesi haidanganywi na sabuni. Mzee hamudu tena kuamka usiku. Ni sukari hiyo hiyo, ningemweleza daktari wake kama ningeulizwa.

La pili, leo nilisogeza viatu vyake vya kanisa ili nipige deki, vikatoa sauti. Pakiti za sukari, zile za bure za mgahawani, zimejaa hadi kwenye vidole.

Nimezirudisha vile vile. Sikumwambia mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, naye sasa ajue nguo zake nazifua mimi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeandika hii nikiwa chumba cha wageni, Richardson. Kila mtu yuko chini au ameondoka.

Tulifika mchana kwa Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Njia nzima kutoka Houston mzee alikaa mbele, mimi nyuma na Moraa, ambaye alitazama dirisha. Kwa Ombati kulikuwa na ukoo wote wa Texas, na watu wa ofisini kwake, na bata mzinga ambaye hakuna aliyemtaka mbele ya mbuzi. Baada ya chakula runinga kubwa ikawashwa. "Baba, tupigie ile!" Akasogezewa kiti.

Alianza vizuri, siwezi kukataa. Hata wale watoto wa Ombati wasiojua Kiswahili vizuri walitoa vitu masikioni. Halafu pango likafunguka.

"Malkia wa Pango! Lakini leo amefunga kilemba. Kilemba cha nini, Malkia? Panya wamekula?"

Nyumba ikalipuka. Shemeji, wageni, Onchari akiwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Moraa hakucheka. Alinitazama mimi.

Nilisimama. Niliichukua rimoti kwenye meza, nikarudisha sinema hadi kwa mfalme aliyelala. Nikasimama kando ya TV, mahali ambapo mtafsiri husimama.

"Na huyu, wapenzi watazamaji, ndiye mfalme," nikasema. "Mwangalieni vizuri. Mchana anapiga domo, usiku anakojoa kitandani! Shuka zinafuliwa gereji kabla jogoo hajawika. Muulizeni kasuku nani anazifua. Anasema Malkia anamnyima sukari. Sukari? Haya, mfalme, vua viatu vyako vya kanisa tuone! Vua! Mbona vinalia chaka-chaka?"

Watoto walicheka kwanza. Walicheka kwa sababu ilichekesha. Nilikuwa mzuri. Sauti ilitoka yenyewe, nzito, na mapumziko mahali pake, na wakati huo mfalme kwenye picha akageuka usingizini kana kwamba nimemwagiza. Nilionja utamu ambao mzee ameuonja maisha yake yote. Mkuki kwa nguruwe.

Halafu vicheko vikakatika.

Kwamboka, mke wa Ombati, aliweka mkono mdomoni. Shangazi mmoja akasema kwa Kigusii jambo ambalo sitaliandika. Mke wa mtu ametaja kitanda cha baba mkwe mbele ya watu. Kule nyumbani ningefungashiwa, na mbuzi angechinjwa kabla sijakanyaga ua ule tena.

Mzee alibaki ameketi, mikono kwenye magoti. Sinema ikaendelea kwa Kitelugu, na hakuna aliyeelewa kitu. Baadaye akauliza kofia yake iko wapi. Ilikuwa kichwani.

Ijumaa, 28 Novemba

Ombati ametuletea ujumbe kwenye gari. Baba atabaki Richardson. Hawezi kulala tena chini ya paa langu, na mila iko upande wake.

Nimemwandikia Kwamboka mambo ya sindano, chakula, miguu ya kukaguliwa kila jioni. Alipokea bila kunitazama.

Moraa alilia hadi tulipofika nusu ya njia, kisha akalala. Onchari alishika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. Huntsville ikapita, Conroe ikapita. Nilikuwa nimeshinda na nilitaka angalau mtu mmoja ajue.

Jumanne, 2 Desemba

Nyumba kimya. Nimelala mchana kutwa bila kuamka mara moja. Nimeketi kwenye kochi lile. Limebonyea upande mmoja.

Moraa ameshuka kwenye basi, akaweka begi, akaketi mezani. Kitandani hakuja.

Onchari analala chumba cha chini. Anasema mgongo unamsumbua.

Jumapili, 7 Desemba

Nilikuwa navaa nguo za kazi. Nywele nimezisuka upya, fupi, mistari tu. Moraa alikuja akasimama mlangoni, kisha akaingia. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda akinitazama nikifunga kamba za viatu. Muda mrefu hajaketi hapo. Nilijizuia nisitikisike, kama mtu aliyetuliwa na ndege.

Akauliza kama naenda kazini. Nikasema ndiyo.

"Lakini nilikata," akasema. "Why are you still going?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, Kiingereza na Kiswahili, kama mwalimu. Babu alisema Malkia akikatwa nywele hawezi kutoka usiku tena. Analala nyumbani na watu wake. Kwa hivyo alisubiri nilale. Mkasi ulikuwa mbaya, haukati vizuri, na aliogopa nitaamka kabla hajamaliza. Zile siku alizonichungulia alikuwa anapima kama nimelala kweli. Upande wa kushoto ulikwisha, wa kulia nilikuwa nimeulalia. Anadhani ndiyo sababu haikufanya kazi.

Niliketi sakafuni. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nilipiga simu kazini nikasema nitachelewa, wakauliza kama niko mgonjwa, nikasema hapana.

Alishuka kitandani akaketi karibu yangu. Akashika ile mistari kichwani mwangu, mmoja mmoja, akifikiri. Akasema tumpigie Babu simu. Huenda anajua mahali pengine pa kukata.

Nikamdanganya kwamba Babu amelala. Jua lilikuwa halijazama.